Admini mmoja na wapangaji wake

Saa nane na robo usiku simu inatetemeka juu ya stuli, meseji ya WhatsApp, mmoja wa watu wangu ananiambia "kaka ile kitu yako haifunguki". Saa nane usiku alikuwa anafungua ya nini sijui, ila ndo hivyo. Nikavuta laptop kitandani, nikaingia kwenye seva kwa mbali kwa SSH, nikapiga df -h, amri ya kuangalia diski imejaa kiasi gani, jibu likaja 100%. Diski ya GB 40 imejaa pomoni. Na Postgres, yaani databesi, ikikosa pa kuandika haina mazungumzo na mtu, inajizimia, na hiyo ikishazima basi Mastodon nzima, mtandao wa kijamii wa aina ya Twitter ambao nauhosti mwenyewe, kilichobaki ni ule ukurasa wa samahani wenye picha ya tembo kakaa mbele ya kompyuta.

Kilichoniuma ni pale nilipoanza kuchimba nani kajaza. Sisi wenyewe, watu 23 tuliokuwa humo, picha zetu zote tangu tuanze hazikufika GB 2. Mzigo ulikuwa kwenye folda ya cache, GB 20 na ushee, na humo ndani ni mapicha ya watu ambao sijawahi hata kuwasalimia: Mjapani na bakuli lake la tambi, Mjerumani na paka wake kapigwa picha saba kakaa vile vile, video ya treni inaingia stesheni sijui ya wapi. Maana ukishamfolo mtu wa seva nyingine, seva yako inavuta nakala ya picha anazoposti inaiweka kwako ili wewe na wenzio mzione haraka. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kusema hizo nakala zikae siku ngapi, mimi niliiacha tupu. Nikapunguza logi za mfumo kwa journalctl nipate pa kupumulia, nikawasha Postgres, nikapiga tootctl media remove, amri ya kufuta hizo nakala, nikakaa naangalia namba zinapita mpaka adhana ya alfajiri. Kazini asubuhi nilikuwa kama mtu aliyekesha msibani.

Hiyo ni shida ndogo kabisa, na kosa lilikuwa langu. Nimeanza nayo makusudi kwa sababu maelekezo ya kuhosti Mastodon yamejaa mtandaoni na karibu yote yanaishia sehemu ile ile, seva iko hewani, hongera sana. Debian, nginx, Postgres, Redis, cheti cha Let's Encrypt, Sidekiq inafanya kazi, na mtu aliyechezea Linux miezi sita anaimaliza jioni moja akiwa na bando la kutosha na mtu wa kumletea chai. Ndo maana nikisikia mtu anasema seva hizi zinakufa kwa sababu ni ngumu kiufundi huwa nabisha. Kwa jinsi nilivyozifuatilia zilizokufa na zilizopona, nyingi zinakufa kwa sababu nyuma yake yuko mtu mmoja, ana ajira, ana watoto, anaumwa, anachoka, na wapangaji wake, yaani wenye akaunti kwenye seva yake, hawajui hata anakaa mji gani.

Kwa ambaye hajakutana na haya mambo: fikiria unavyotuma hela toka laini ya mtandao huu kwenda laini ya mtandao ule. Kila kampuni ina wateja wake na mitambo yake ila wamekubaliana namna ya kuelewana, hela inafika. Mitandao ya kijamii ya aina hii makubaliano yao yanaitwa ActivityPub, W3C, shirika linalopanga viwango vya wavuti, waliyapitisha rasmi Januari 2018. Mastodon, ambayo Eugen Rochko wa Ujerumani aliitoa 2016, ndo inayojulikana zaidi, ila ipo Pixelfed ya picha, PeerTube ya video, Lemmy ya mijadala, na zinasikilizana. Makao makuu hamna, ni maelfu ya seva, na nyingine ni za watu kama mimi. Elon Musk alipokamilisha kuinunua Twitter tarehe 27 Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44 watu wakahama kama wamefukuzwa na mafuriko, na ndani ya wiki chache Mastodon ikafika watumiaji milioni 2 na nusu hivi kwa mwezi, na seva zilizokuwa za washkaji mia mbili zikajikuta zimebeba mji mzima.

Kisa ninachokirudia kila nikikaa na vijana wanaotaka kuhosti ni cha Hachyderm. Hiyo seva ya Mastodon aliianzisha Kris Nóva, mhandisi wa Marekani aliyekuwa na jina kubwa kwenye Linux na Kubernetes, na mashine zake zilikuwa nyumbani kwake kwenye chumba cha chini ya nyumba. Novemba 2022 ikatoka watu mia kadhaa ikafika kama 30,000. Mwezi mmoja tu! Sasa kumbuka posti moja ya mtu mwenye wafuasi walioko kwenye seva elfu moja inabidi ipelekwe kwenye seva zote hizo elfu moja, kila moja na safari yake, na kazi hiyo inapangwa kwenye foleni za programu iitwayo Sidekiq. Foleni ikirefuka unaposti saa tatu wenzio wanasoma saa tano. Kwao ilizidi, diski zilikuwa zinakufa na picha zote zilikuwa zinapita kwa NFS, yaani njia ya mashine moja kutumia diski ya nyingine kupitia mtandao, kwenye mashine yenye hizo diski mbovu, kwa hiyo diski ikichelewa kujibu vyote vilivyoko nyuma yake vinasimama vinasubiri, kama mnavyosubiri dirishani mhudumu kaenda kunywa chai na hakuna wa kumshikia. Mwanzoni mwa Desemba wakahama, mashine zikaenda kwa Hetzner, kampuni ya kukodisha seva ya Ujerumani, picha zikaenda kwenye hifadhi ya DigitalOcean, na wakaandika hadharani kila kitu kilichowashinda.

Watu wa fani wakisoma kile kisa wanabaki na NFS, usiweke picha kwenye NFS, sawa. Ila mimi naona sehemu kubwa zaidi ilikuja baadaye. Agosti 2023 Kris Nóva alifariki kwenye ajali akiwa anapanda milima. Chukua seva yoyote ya mtu mmoja unayoijua ukapige hesabu: paswedi ya root, yule mwenye mamlaka yote kwenye mashine, anayo marehemu, kadi inayolipa VPS, yaani seva ya kukodi, ni ya marehemu, jina la kikoa limesajiliwa kwa barua pepe ya marehemu, na ndugu wako kwenye turubai wanapokea rambirambi, nani atakumbuka kuna kitu kinaitwa seva? Mwezi unaofuata malipo yanagoma, siku kadhaa mbele mashine inafutwa. Hachyderm ilipona kwa sababu kabla ya hapo tayari kulikuwa na timu na taasisi ya kuishikilia, Nivenly Foundation, na funguo zilikuwa kwenye mikono zaidi ya miwili.

Watu wa Mastodon wenyewe wanalijua hili. Ukitaka seva yako iwekwe kwenye orodha yao rasmi kuna makubaliano unakubali kuyafuata, na ukiyasoma utashangaa hakuna sehemu wanakuuliza una RAM kiasi gani. Wanataka uwe unasimamia maudhui kwa vitendo ili ubaguzi wa rangi na jinsia usiwe na nafasi, uchukue bakapu kila siku, awepo angalau mtu mwingine mmoja anayeweza kuingia kwenye mitambo kukiwa na dharura, na ukiamua kufunga uwape watu taarifa miezi mitatu kabla. Masharti manne, na la bakapu pekee ndo unaweza kulimaliza kwa cron, ile ya kupangia kompyuta kazi zijifanye zenyewe kwa saa.

Gharama nitapita haraka maana ndo swali ninaloulizwa zaidi na ndo jepesi zaidi. VPS ya Ujerumani yenye RAM ya GB 4 utaipata kwa euro chache kwa mwezi, haizidi hela ya soda za wiki mbili. Mastodon kwa GB 2 inaenda ila inahema. Kama uko peke yako au na familia weka GoToSocial, programu nyepesi ya kazi hiyo hiyo, imeandikwa kwa lugha ya Go, inakubali SQLite, databesi ya faili moja, inakaa kwenye mashine ndogo sana bila kelele, na kwa app nyingi za Mastodon unaitumia bila kujua tofauti. Kuhosti nyumbani nimejaribu, nikaacha. Umeme ukikatika na seva imekatika, LUKU ikiisha usiku wa manane na seva imeisha, halafu watoa huduma wengi wa intaneti za nyumbani wanawaweka wateja nyuma ya IP moja ya pamoja kwa hiyo huko nje hakuna mtu anayeweza kukugongea mlango mpaka ukodi VPS ya kupitishia kwa njia ya siri ya WireGuard, na ukishakodi VPS si bora ukae huko huko.

Haya, sasa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka limewakuta, kwamba ukishafungua mlango wa kujisajili wewe umeshakuwa mtunza siri za watu. Una barua pepe zao, una anwani za IP walizoingilia, na zile meseji za faragha za Mastodon hazina usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, zimekaa kwenye databesi yako unaweza kuzisoma zote ukiamua kuwa mshenzi. Mei 2023 kule Marekani FBI walivamia nyumba ya mmoja wa maadmini wa Kolektiva, seva ya Mastodon, walienda kwa sababu zake yeye hazihusiani na seva, ila kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwa anashughulikia nakala ya databesi isiyofungwa kwenye vifaa vyake, ikabebwa pamoja na vitu vingine. Maelfu ya watu taarifa zao zimeondoka kwa kosa ambalo hawakulifanya na hata hawakulijua.

Na hapa kwetu usidhani ni hadithi za mbali. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 akapandishwa mahakama ya Kisutu, Dar, kisa kutotoa taarifa za watu waliokuwa wanaandika kwenye jukwaa lake, na kati ya mashtaka lilikuwemo la kuendesha tovuti isiyotumia .tz. Alipanda na kushuka mahakamani miaka, na Aprili 2020 kwenye moja ya kesi hizo akahukumiwa faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Yule alikuwa na mawakili, alikuwa na jina, dunia ilikuwa inaangalia. Wewe na VPS yako ya euro nne una nani? Juu yake tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na ukikusanya taarifa za watu wengine sheria inakuona, haijali kama unafanya kwa mapenzi ya Linux tu. Simtishi mtu. Nasema tu kwamba barua ya namna hiyo ikija inatakiwa iwakute watu watatu wenye kuweza kukaa na kushauriana, isimkute mtu mmoja saa nne usiku akiwa na hofu.

Jina la kikoa nalo lina mambo yake. Mastodon ukishaiwasha na kikoa fulani umefunga nacho ndoa ya Kikatoliki, hubadilishi, maana kila akaunti duniani inakujua kwa jina hilo na seva nyingine zinakutafuta kupitia hilo hilo. Sasa watu walikuwa wanachukua vikoa vya nchi za watu kwa sababu vinapendeza au ni vya bure. Katikati ya 2023 vikoa vya .ml, vya Mali, vilirudi mikononi mwa serikali ya nchi hiyo, na seva ya Lemmy iliyokuwa inaitwa fmhy.ml ikapoteza jina lake. Februari 2024 ikawa zamu ya queer.af, .af ni ya Afghanistan, na serikali ya Taliban ikalifuta jina, kitu ambacho ukifikiria sekunde mbili unashangaa walitegemea nini. Kuhama kupo, ila kwenye Mastodon unahama na wafuasi, posti zako zinabaki kwenye nyumba ya zamani, na nyumba ya zamani yenyewe inatakiwa iwe bado imesimama ili ukubali kuhama. Ikiwa imeshazimwa umeenda na maji.

Kuna mtu atanibishia kwamba basi dawa ni taasisi, tupeleke kwa wenye hela. Hapana. Mozilla, wale wa Firefox, walikuwa na hela, wahandisi na nia, wakafungua seva yao ya Mastodon, mozilla.social, na Desemba 17, 2024 wakaizima. Taasisi nayo ikibadilisha vipaumbele unahamishwa tu, tofauti yake na admini aliyechoka ni kwamba yenyewe inakuandikia barua nzuri. Kwa hiyo kuwa wengi ni sehemu ya jibu, sehemu nyingine ni hao wengi wawe ni watu ambao wenyewe wanakaa humo ndani na wanaumia seva ikizima.

Na kazi yenyewe haina likizo, hili ndo wengi hawaniamini. Julai 2023 lilitoka tundu la usalama kwenye Mastodon ambapo faili la picha lililotengenezwa kwa hila liliweza kumpa mtu nafasi ya kuandika mafaili kwenye seva yako. Februari 2024 likatoka jingine la mtu wa mbali kujifanya akaunti yoyote. Yote mawili ni mtu unatakiwa uapdeti siku ile ile, na kama uko kijijini kwenye harusi ya binamu na mtandao unashika juu ya mwembe tu basi utaapdeti ukiwa juu ya mwembe. Mwezi huo huo wa Februari ikaja spamu ya kutisha iliyoanzia kwa vijana wa Japani, na mbinu yao ilikuwa rahisi: walitafuta seva ndogo zilizoachwa milango wazi, kujisajili ni bure, hakuna kuhakikiwa, hakuna mtu macho, wakafungua akaunti humo kwa mamia na kumwaga takataka dunia nzima. Seva nyingine zikaamua kuzifungia hizo ndogo moja kwa moja. Ukikuta watu wa seva kubwa wanazikatia mawasiliano seva za watu wachache msiwaite wabaguzi haraka haraka, wengine walichoka tu.

Na lile tumaini kwamba ukiwa na seva yako hufungiwi, nalo tulipunguze. Tarehe 29 Oktoba 2025 siku ya uchaguzi intaneti ilipozimwa nchini ilikuwa haijalishi akaunti yako iko X, ambayo tayari ilikuwa imefungiwa tangu Mei, au iko kwenye seva yako mwenyewe Frankfurt, wote tulikuwa tunaangalia simu kama kioo. Uganda Januari 2021 hivyo hivyo. Seva yako haikupi intaneti. Ila kuna tofauti moja ambayo naona hatuizungumzii: Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, mawasiliano ya kwenda nje yakawa ya kutambaa, lakini trafiki ya ndani inayopita TIX pale Dar au KIXP Nairobi, vituo ambapo watoa huduma wa intaneti wa nchini wanaunganishwa wao kwa wao, haina haja ya kuingia baharini kabisa. Seva ya Kiswahili, yenye watu wa Kiswahili, ikikaa kwenye chumba cha mitambo hapa hapa, siku kama ile ingekuwa inapepea. Ni kweli pia kwamba ikikaa hapa hapa hata mtu mwenye hati ya mahakama hahitaji pasipoti kuifikia. Uchaguzi ni wako, ila uchague ukijua, maana wengi wetu tumeenda Ujerumani kwa sababu ya bei tu halafu baadaye tunasema ilikuwa msimamo.

Mimi nikiulizwa leo nasema hivi: kama ni wewe mwenyewe, hosti leo leo, weka GoToSocial, ikifa imekufa na posti zako, hakuna aliyekudai. Kama unataka kuweka watu, anza na kamati kabla ya seva. Na sisi kwenye hili tuna bahati ya ajabu, mama zetu wanaendesha vikoba miaka na miaka, kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, sanduku lina makufuli matatu na funguo zimekaa kwa watu watatu tofauti ili hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Hao hao watoto wa vikoba wakifika kwenye Linux wanakuwa wafalme, root mmoja, paswedi kichwani, na mchango wanaona aibu kuomba. Buku mbili kwa mtu kwa mwezi, watu 23, ni 46,000, inalipa VPS na bakapu na chenji inabaki. Mimi nilikaa mwaka mzima nalipa mwenyewe kwa sababu nilihisi nikipokea hela nitadaiwa huduma. Nilikuwa nadaiwa huduma hata hivyo, saa nane na robo usiku!

Baada ya ule usiku nilifunga kujisajili. Nikamwomba dada mmoja aliyeko Mwanza, ni mhasibu ila anaijua Linux kuliko vijana wengi wanaojiita wahandisi, awe na funguo za pili. Akakubali kwa sharti moja, kwamba kwanza anataka kuisimamisha seva yote upya kwenye mashine nyingine kwa kutumia bakapu zangu tu, bila mimi kumgusia kitu. Nikamwambia hamna shida, bakapu zipo kila siku saa tisa usiku, databesi na picha.

Jumamosi akaanza. Saa sita mchana akanipigia: "Kaka, faili la .env.production liko wapi?" Lile ndo lenye siri zote za seva, bila hilo waliofunga akaunti zao kwa namba za uthibitisho hawaingii tena. Nikafungua ile skripti yangu ya bakapu niliyoiandika mwaka jana yake, nikaisoma mstari kwa mstari. Halikuwemo.